Namna ya Kutafsiri Mwendelezo wa Filamu ya Mazombi Mbele ya Watazamaji wa Bandani

Filamu ya tatu ya mfululizo wa Resident Evil, iliyotoka mwaka 2007 na kuitwa Extinction, inamuua stelingi wake dakika chache tu baada ya kuanza. Mtafsiri asiyejiandaa hulipoteza banda zima hapohapo: wenye haraka hudai warudishiwe kiingilio, wenye maneno huuliza kama mwisho umewekwa mwanzo, na vijana wa nyuma huanza kupiga miluzi. Niliyashuhudia hayo Chikongola, Mtwara mjini, na aliyekuwa ameshika maikrofoni siku hiyo ni mimi.

Mwongozo huu ni wa wale wanaotafsiri filamu kwa sauti katika mabanda ya video, au vibanda umiza kama tulivyozoea kuviita, kuanzia Mtwara na Mikindani hadi Lindi, na katika miji ya bara kama Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea, ambako msimu wa mauzo ya korosho unapoanza kuchangamka mabanda hujaa watu waliosahau lini waliketi kutazama picha mara ya mwisho. Nimeichagua filamu hii kuwa mfano kwa sababu matatizo yote ya kazi yetu yamo ndani yake. Ni mwendelezo, kwa hiyo nusu ya watazamaji hawajui yaliyotangulia. Imetokana na mchezo wa kompyuta, kwa hiyo wachache wanadhani wanayajua yote. Tena inahusu maiti wanaotembea, jambo ambalo watu wa kusini wana neno lao la siku nyingi, na neno hilo ndilo litakaloamua kama tafsiri yako itasimama au itaanguka.

Anza kwa kuitazama filamu yote peke yako bila kuandika chochote. Mtafsiri ambaye hajawahi kushtuka mwenyewe hatajua mahali pa kumwacha mwenzake ashtuke. Mara ya pili shika karatasi, uandike dakika ambazo mtu anasema jambo la lazima, yaani jambo ambalo likipita bila kutafsiriwa tukio la mbele halitaeleweka. Utagundua kwamba mambo hayo si mengi. Katika filamu nzima yenye urefu wa zaidi ya saa moja na nusu mimi nilihesabu sehemu kumi na nne tu, na maneno mengine yote yalikuwa ya kujazia. Mara ya tatu itazame ukiwa umeizima sauti kabisa, useme tafsiri yako kwa kinywa, uone wapi unaongea kuliko picha inavyohitaji. Wengi wetu huishia mara ya kwanza, ndiyo maana banda hujaa maneno na hadithi ikapotea.

Kabla ya kubonyeza kitufe, watazamaji wanadai dakika mbili za yaliyopita, na zisizidi mbili. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 2002 na ya pili mwaka 2004. Ukianza kuzisimulia zote kwa mtiririko wake, mtu aliyelipa kiingilio atakuwa analipia simulizi badala ya picha. Chukua uti wa mgongo peke yake. Mimi husema hivi, nikiwa nimesimama, taa zikiwa bado zinawaka:

"Ilikuwapo kampuni moja inaitwa Umbrella. Juu inauza dawa, chini ya ardhi inatengeneza magonjwa ya vita. Virusi vikawaponyoka. Aliyekufa akaamka, aliyeng'atwa akafa, naye akaamka. Jiji la Raccoon City likapigwa kombora ili siri izikwe. Alice alikuwa mlinzi wa kampuni hiyohiyo. Wakamkamata, wakamchoma virusi, mwili wake ukavikubali, akapata nguvu ambazo wao wenyewe hawaziwezi. Sasa anawakimbia. Na dunia, ndugu zangu, imeshakauka."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua filamu, kwa sababu katika sehemu hii virusi havikuishia kwa watu. Mito na maziwa yamekauka, misitu imekuwa jangwa, na waliobaki hai wanahamahama kwa magari wakitafuta mafuta na chakula. Mtazamaji asipoambiwa hivyo mapema ataona mchanga mtupu na kudhani hadithi imehamia nchi nyingine. Picha yenyewe ilipigwa katika jangwa la Meksiko, ingawa inasimulia Marekani, lakini hilo libaki nalo moyoni isipokuwa mtu akikuuliza.

Kuhusu mchezo usichukue muda. Resident Evil ni gemu ya kampuni ya Capcom ya Japani iliyotoka mwaka 1996, na Wajapani wanaiita Biohazard. Bandani hapakosekani kijana aliyeicheza, naye atataka kukusahihisha kwa sauti ili wote wajue. Mtangulie. Mwambie mapema kwamba Claire Redfield, kiongozi wa msafara, ametoka katika gemu ya pili ya mwaka 1998, kwamba Carlos, mwenzake wa msafara huohuo, ametoka katika ya tatu ya mwaka 1999, kwamba Wesker mwenye miwani meusi yumo tangu ya kwanza, na kwamba Alice hakutoka kwenye gemu yoyote kati ya hizo bali alibuniwa kwa ajili ya filamu na Paul W. S. Anderson. Ukishayasema hayo, kijana hana tena la kuongeza, na kwa kawaida hugeuka kuwa msaidizi wako kwa walioketi karibu naye.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe.

Huku kwetu mtu akisikia kwamba maiti anatembea hahitaji kuelezwa. Ana ndondocha, watu wa mikoa mingine wana msukule. Ndondocha, kama anavyosimuliwa, ni mtu aliyeonekana amekufa na akazikwa, kumbe amechukuliwa na wachawi. Hasemi kwa kuwa ulimi wake umekatwa, analishwa pumba, na usiku analima shamba la aliyemchukua. Zombi wa filamu ni kiumbe kingine kabisa. Hakuna aliyemchagua, kwa sababu ugonjwa haumjui huyu wala yule. Hana kazi anayofanya wala bwana anayemtuma. Ndondocha anatisha kwa utii wake, zombi anatisha kwa njaa yake.

Watafsiri wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hupokea neno ndondocha tangu onyesho la kwanza kwa sababu ni neno letu na banda hulicheka palepale. Kicheko hicho kina gharama. Mtazamaji akishasikia ndondocha, hadithi nzima inabadilika kichwani mwake: anaanza kuuliza nani amewachukua watu hawa, anawahurumia pale ambapo filamu inataka awaogope, na anasubiri mganga atokee. Mama mmoja mtu mzima aliyekuja na wajukuu wake wakubwa aliniita picha ikiendelea, akaniuliza, "Mwanangu, kwani hawa hawana ndugu wa kwenda kuwagomboa?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa kwa neno nililokuwa nimempa. Aliyekosea ni mimi niliyempa neno.

Kwa hiyo tumia "zombi", ambalo vijana wanalijua na wazee wanalishika baada ya kulisikia mara mbili, na mara ya kwanza ulitamke pamoja na maelezo yake kwa pumzi moja: "zombi, maiti aliyeamshwa na ugonjwa, hatumwi na mtu." Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo mtaji wako. Neno ndondocha usilitupe, bali liweke mfukoni, maana filamu hii ina mahali pake na nitapaeleza mbele.

Lipo onyo moja ambalo sina budi kuliandika kwa kirefu kidogo. Mwaka fulani, katika mji mmoja wa bara, nilifanya utani kwamba mazombi wale waliokusanyika nje ya uzio ni vibarua wa tajiri fulani wa hapo mwenye mikorosho mingi. Sikumtaja jina, lakini nilitaja upande shamba lilipo, na ilitosha. Banda lilicheka sana. Asubuhi yake mjomba wangu alinichukua hadi nyumbani kwa mzee yule, tukakaa barazani, nikaomba radhi. Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Njomba, wewe umesema kwa mchezo. Aliyesikia hajui kama ni mchezo." Nchini mwetu watu wamepigwa na kuuawa kwa kunyooshewa kidole cha uchawi, wengi wao wazee wasio na wa kuwatetea. Utani wa ndondocha usiwe kamwe na mtaa, shamba wala jina ndani yake.

Turudi mwanzo, pale stelingi anapokufa. Filamu inafunguka Alice akiamka bafuni katika jumba kubwa, anavaa gauni jekundu, anapita kwenye ukumbi wenye miale ya leza inayokata watu, anaponea chupuchupu, kisha anaingia kwenye mtego mwingine na kuuawa. Wanakuja watu wenye mavazi meupe, wanamchota damu, wanautupa mwili wake kwenye shimo. Katika sehemu yote hiyo usiseme neno hata moja baada ya jina lake. Kishawishi cha kuwatuliza watu kwa kusema "msiwe na wasiwasi, huyo si yeye" ni kikubwa, hasa pale miluzi inapoanza, lakini ukisema umeua onyesho bora la nusu ya kwanza. Subiri picha ya shimo. Ndani yake wamelala wanawake wengi wenye sura moja na gauni jekundu lilelile. Acha macho yahesabu, na zomeazomea itakatika yenyewe, kisha useme taratibu: "Huyu ni nakala. Wametengeneza nyingi, na zote wameziua hivihivi." Neno nakala linatosha, kwa kuwa kila aliyewahi kupeleka cheti chake kwa mwenye mashine ya fotokopi analielewa.

Sauti za kuigiza zisizidi tatu. Alice mwenyewe huongea kidogo na kwa ukavu, nawe mpe sentensi fupi za chini. Mtafsiri anayemjaza Alice maneno humfanya mchuuzi. Daktari Isaacs, mtaalamu wa kampuni, mpe Kiswahili cha ofisini chenye "naomba kuwasilisha" na "kwa mujibu wa taarifa", kwa sababu ubaya wake wote umo katika adabu yake, na watu wa hapa wanaijua vizuri sauti ya mtu anayekudhulumu kwa lugha safi. Waliobaki wote watafsiri kwa sauti yako ya kawaida, ukitanguliza jina pale tu inapohitajika.

Onyesho la kunguru ndilo linalonifanya niipende filamu hii kwa mabanda ya pwani. Msafara umepiga kambi, kunakuwa shwari, kisha kunguru mmoja anatua, kisha wachache, kisha anga inajaa. Mtu wa Mtwara anamjua kunguru. Anamwona kila siku pale Feri, kwenye kivuko cha kwendea Msangamkuu, akinyemelea samaki na kumkodolea jicho mwenye samaki bila aibu yoyote. Kwa hiyo hofu tayari imo ndani ya mtazamaji, kazi yako ni kutoizuia. Sema mara moja tu, na mapema, kunguru yule wa kwanza anapoonekana: "Hawa wamekula nyama ya mazombi." Kisha funga maikrofoni kabisa na upandishe sauti ya filamu. Nilijifunza jambo hili kwa wapiga ngoma za mapiko, ngoma za vinyago za Wamakonde, ambao hawapigi kwa nguvu wakati sanamu inapotokeza bali hutangulia kuipunguza ngoma hadi watoto wasikie miguu yao wenyewe. Siku ya kwanza nilipothubutu kukaa kimya dakika mbili mfululizo, mwenye banda alinijia gizani akidhani waya umekatika.

Rudi kwenye maikrofoni pale Alice anapougeuza moto na kuichoma anga nzima kwa nguvu za akili zake. Betty, muuguzi wa msafara, ameshakufa hapo, na watu watakuwa na majonzi, lakini jambo la lazima linakuja mara baada ya moto: kompyuta za Umbrella zimezinasa nguvu zile na sasa wanajua Alice yuko wapi. Alikuwa akisafiri peke yake kwa pikipiki kusudi setilaiti zao zisimpate. Kwa kuwaokoa hawa amejifichua. Ukiiruka sentensi hiyo, yatakayotokea Las Vegas yataonekana yameanguka tu kutoka mbinguni.

Jambo jingine la kupanda mapema ni jeraha la L.J., mmoja wa watu wa msafara. Anang'atwa wakati wanapekua hoteli iliyotelekezwa, naye analifunika na kunyamaza. Picha inalionyesha kwa haraka, na katika banda lenye luninga ndogo walioketi nyuma hawalioni. Sema wazi: "Ameng'atwa, na hakumwambia mtu." Tangu mwaka wa korona hakuna anayehitaji kufafanuliwa maana ya mtu kuficha ugonjwa ndani ya gari lililojaa wenzake. Utasikia banda likimkaripia kila anapotokea, na usiliingilie. L.J. atageuka, atamng'ata Carlos, na hapo watazamaji wataelewa wenyewe kwa nini Carlos anaomba lile lori la mafuta, anawasha sigara yake ya mwisho na kuliendesha katikati ya kundi la mazombi. Mtafsiri anayeongea wakati sigara ile inawaka anastahili kunyang'anywa maikrofoni.

Las Vegas nitaipita haraka. Wamekwenda kutafuta petroli ya kuwafikisha Alaska, wanakuta mji umezikwa na mchanga, na humo wanategewa kontena lenye mazombi wakali zaidi. Ukiona mnara unaofanana na ule wa Paris umejitokeza mchangani, sema ni mfano wake uliojengwa Las Vegas, la sivyo mjuaji mmoja atatangaza kwamba wamefika Ufaransa.

Sasa toa lile neno mfukoni. Isaacs anatengeneza dawa kutokana na damu ya zile nakala, na shabaha yake ni kuwafuga mazombi, wapungue njaa, warudiwe na akili kidogo, wawe nguvukazi isiyobisha. Anamfunga mmoja chumbani, anampa kidude cha watoto cha kupachika maumbo kwenye matundu yake, anampa na simu. Kwa muda mfupi zombi yule anajaribu, mikono yake inakumbuka, kisha hasira inamshinda na anawararua wahudumu, naye Isaacs anautazama mlango ukiwa umefungwa. Hapa, baada ya zaidi ya nusu saa ya "zombi, hatumwi na mtu", shusha sauti ya filamu na useme: "Daktari anataka ndondocha." Usiongeze neno. Hakuna mahali pengine katika kazi yangu ambapo nimeona banda zima likigeuza shingo kwa pamoja, maana kila mtu ameelewa kwa mara moja mpango wa kampuni, na ameuelewa kwa hofu yake mwenyewe aliyokua nayo.

Neno hilo litakulipa tena Las Vegas. Katikati ya mapigano Alice anasimama ghafla kama aliyezimwa, kwa sababu kweli amezimwa, kwa amri inayotoka kwenye setilaiti. Wasioelewa hupiga kelele kwamba picha imeganda, na nimewahi kuona mwenye banda akikimbilia mashine. Sema: "Wamemshika. Wanamtuma." Watakumbuka. Naye anapojinasua kwa nguvu zake mwenyewe, hutakuwa na haja ya kutafsiri kitu, maana vigelegele vitakufunika.

Machache ya nje ya hadithi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka ukumbi wa maonyesho uwe na leseni na filamu iwe imepitiwa na Bodi ya Filamu, na mwenye haki ya kazi hiyo naye anayo sauti yake. Mwulize mwenye banda kabla hujakaa. Watoto wasiingie, hata wakija na kaka zao. Chaji betri ya maikrofoni, na kama umeme unasumbua hakikisha jenereta iko mbali na ukuta ulioegemea wewe, vinginevyo onyesho la kunguru halitakuwa na ukimya wowote.

Mwishoni Isaacs, aliyeng'atwa na kujidunga dawa kupita kiasi, amekuwa dubwana, na Alice anapambana naye chini ya ardhi hadi kwenye ule ukumbi wa leza wa mwanzo. Wakumbushe kwa maneno mawili tu: "Ukumbi uleule." Anayewasha leza na kumwokoa Alice ni nakala yake. Kisha anawatokea wakubwa wa kampuni kwenye kikao chao, anamwambia Wesker aliyeko Tokyo kwamba anakuja, na kwamba haji peke yake. Picha inaonyesha nakala zake nyingi zikianza kuamka. Hapa mimi husema, "Hawa nao wameamshwa, ila hawa hawana tena wa kuwatuma," halafu naweka maikrofoni mezani na kuwasha taa mwenyewe.

Kabla hujafika mlangoni utasikia, "Njomba, ya nne lini?" Ya nne ilitoka mwaka 2010, inaanzia hapohapo Tokyo, na usimjibu kesho mpaka uwe umeitazama mara tatu.